Uzi: Fensi inayorekebishika ya kibao cha kunyolea vichwa vya mbao, nilivyoitengeneza na pale nilipokosea

#1 Maranda_Kayole

Salamu mafundi. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu mvua za Aprili. Leo stima imepotea huku Kayole, simu ina chaji, acha niutoe.

Kisa ni droo. Nilipewa kazi ya kabati lenye droo sita, mbele mkangazi, mbavu saiprasi. Nikakata kwa msumeno wa mkono, nikaunganisha, na kila droo ikatoka imejikunja. Ukiiweka mezani pembe moja iko hewani. Nililaumu gundi, nikalaumu klampu, nikailaumu saiprasi kwamba ilikuwa mbichi. Kumbe vichwa vya mbao, zile ncha zilizokatwa, ndivyo havikuwa skwea, yaani pembe ya digrii 90. Msumeno, hata ukiwa na mkono mzuri, utakuachia nusu milimita hapa na robo pale, na droo moja ina vichwa vinane vya kukosea.

Dawa yake ni kile kibao ambacho randa hulala ubavu. Kwa asiyekijua: kuna ubao wa chini mpana, juu yake ubao mwembamba zaidi kwa upana, ili pembeni ibaki njia ya randa kupita ikiwa imelala. Kwa mbele kuna kipande cha mbao kilichokingama, unaegemeza kazi yako hapo. Mkono wa kushoto unashika mbao, wa kulia unasukuma randa, na kichwa cha mbao kinatoka kinang'aa. Wazungu wanakiita shutingi bodi. Mzee aliyenifunza kazi Gikomba alikiita kibao cha kunyolea, nami sitabadilisha. Kile kipande kilichokingama nitakiita fensi, kama fensi ya mashine ya kupasulia. Si ya kuzuia ng'ombe.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa na fensi ya kudumu. Nilinunua skwea mpya (chombo cha kupimia pembe hiyo), ina mpini mzuri na chuma kinachometameta, nikaipanga fensi kwa hiyo skwea, nikatia gundi na skrubu tatu. Droo bado zikajikunja. Siku moja nikaipima skwea yenyewe. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, chora mstari kwa kisu. Igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni nzuri. Yangu iliachana kama njia panda. Duka silitaji, ila nilirudi huko na mwenye duka akaniambia "hiyo ni ya kuchorea tu". Sasa ya kuchorea nini, duara?

Basi cha pili nikakifanya hivi.

Ubao wa chini ni plaiwudi ya milimita 18, urefu 600, upana 350. Wa juu ni plaiwudi ya milimita 12, upana 270, kwa hiyo njia ya randa inabaki na upana wa 80, inatosha randa namba 5 ikilala. Fensi ni kipande cha mvule, urefu 270, upana 60, unene 35. Kinashikwa na bolti mbili za M8 (unene wa milimita 8) zinazotoka chini, zile za kichwa cha duara zenye shingo ya mraba. Shingo inauma plaiwudi, kwa hiyo unakaza nati kwa juu bila mtu wa kukushikia chini. Zamisha vichwa ili kibao kisiyumbe juu ya meza.

Bolti ya kwanza ni ya egemeo, fensi inazungukia hapo. Iweke karibu na njia ya randa, yangu iko milimita 40 kutoka ukingoni. Tundu lake kwenye fensi liwe la milimita 8 kamili, bolti iingie kwa kugongwagongwa. Hapa usilegeze hata kidogo, likicheza hapa umejenga bembea. Bolti ya pili, ya kufunga, iko mwisho wa pili wa fensi, na tundu lake ni la milimita 12. Juu yake weka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu. Ule mwanya wa milimita 2 kila upande ndio marekebisho yenyewe. Watu huchonga tundu refu la kupinda kama ndizi, lakini kwa mwendo mdogo hivi hakuna haja, tundu pana linatosha.

Kitu kinachofanya kibao hiki kiwe na raha ni bolti ya tatu. Kwenye ubao wa juu, nyuma ya fensi, nimegundisha na kupiga skrubu kipande cha mbao ngumu, ndani yake nimezamisha nati ya M6 kwa gundi ya Araldite, na bolti ya M6 inapita humo ikisukuma fensi kwa nyuma. Iko milimita 200 kamili kutoka egemeo. Pale ncha inapogusa fensi nimezamisha skrubu ya kichwa bapa, chuma kigonge chuma, maana bolti ikigusa mbao tupu itachimba shimo na vipimo vitahama kila wiki.

Hesabu yake sasa. Bolti ya M6 ya kawaida ikizunguka mara moja inasogea milimita 1. Robo mzunguko ni robo milimita. Kwa kuwa iko 200 kutoka egemeo, mbao ya upana wa 100 itabadilika nusu ya hiyo, yaani kama 0.125. Karatasi ya kawaida ya kuchapisha ina unene wa karibu 0.1. Kwa hiyo robo mzunguko ni karatasi moja na ushee. Unarekebisha kwa karatasi bila kuikata karatasi.

Bolti inasukuma tu, haivuti. Nani wa kuirudisha fensi nyuma? Blada. Ile mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Kipande kimoja, msumari huku na huku, fensi inakaa imeikumbatia bolti muda wote.

Kupima: sahau skwea. Chukua vipande viwili vyenye kingo zilizonyooka, upana 100 hivi. Nyoa kichwa cha kila kimoja, na kwenye ukingo ulioegemea fensi chora msalaba. Sasa viweke vichwa vikitazamana, misalaba yote miwili ikigusa rula moja ndefu. Ili iwezekane lazima kimoja ukigeuze tumbo juu, na hapo ndipo kosa linajionyesha mara mbili. Ufa ukiwa upande wa rula, kaza bolti ya kusukuma. Ufa ukiwa upande wa mbali na rula, legeza. Nyoa tena vyote viwili, pima tena. Mimi nilirudia mara nne tu, na baada ya hapo hata mwanga wa tochi ya simu haukupita.

Picha nitaweka stima ikirudi.

#2 Mkato_Mmoja

Fundi, heshima yako, lakini huu ni usumbufu. Kariobangi kuna mashine, unalipa, mbao zako zinakatwa skwea, unaenda kula chapati. Karne gani hii ya kunyoa kichwa cha mbao na randa?

#3 Maranda_Kayole

Mkato, mashine hata mimi naitumia. Lakini mashine inakata pale ulipochora, haiwezi kukutolea unywele mmoja. Droo ikikaza kwa unene wa karatasi, utapanda matatu nayo kurudi Kariobangi? Tena ile diski ya kukodi jana ilikuwa inakata mbao za palleti zenye misumari. Kichwa kinatoka kimeungua na kina manyoya.

Na leo hiyo mashine ingekatia nini? Nimesema stima imepotea.

#4 Mkato_Mmoja

Hapo kwa stima umenimaliza. Endelea.

#5 Mzee_wa_Msasa

Vijana, nimesoma nikafurahi. Sisi tulikuwa tunaweka karatasi ya pakiti ya sigara kati ya fensi na mbao, maisha yanaendelea. Karatasi moja karibu na randa, au moja kule mbali, kutegemea kosa liko wapi. Siku ukiikohoa ikapeperuka, unaanza upya.

Hicho kitu si kigeni vilevile. Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, waliwahi kutengeneza kibao kizima cha chuma, namba 52, na randa yake maalumu namba 51, na fensi yake ilikuwa inazunguka. Kwa hiyo usimwambie mtu ni uvumbuzi wa Kayole.

Lakini Maranda umeruka jambo moja kubwa. Kazi ya fensi si pembe tu. Fensi inakinga nyuzi za mwisho za mbao zisipasuke wakati kisu kinatoka upande wa pili wa mbao. Ili ikinge, lazima ifike mpaka kwenye njia ya randa bila mwanya hata wa ukucha. Sasa wewe fensi yako inazunguka. Ukiizungusha, ncha yake inafanya nini?

#6 Maranda_Kayole

Shikamoo mzee. Umenishika pabaya, hilo niliteleza.

Ndiyo maana egemeo liko karibu na randa. Nilipojaribu mara ya kwanza niliweka egemeo mbali na marekebisho karibu na randa, nikaona moto. Ukirekebisha kidogo, ncha ya fensi inahama: ama randa inaila, ama mwanya unafunguka na mkangazi unapasuka ukingo kama biskuti. Egemeo likiwa karibu, mwisho wa mbali ndio unaotembea na ncha ya huku karibu haiendi popote.

Karibu haiendi. Inaenda kidogo. Kwa hiyo mbele ya fensi nimeweka mbao ya kafara: kipande cha milimita 10 kwa 35, urefu kama wa fensi, kina matundu mawili marefu na skrubu mbili. Ikichakaa au mwanya ukifunguka, nalegeza skrubu, naisogeza kuelekea randa mpaka itokeze kidogo, nakaza, napitisha randa mara mbili tatu, inakatwa palepale inapotakiwa. Ikiisha natengeneza nyingine kwa kipande cha kutupwa. Fensi yenyewe ya mvule haiguswi na kisu kabisa. Ila hakikisha hiyo mbao ya kafara ina unene sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, la sivyo umerudisha kosa kwa mlango wa nyuma.

#7 Mzee_wa_Msasa

Marahaba. Na kwa usalama zaidi, kabla ya kunyoa, pitisha patasi kwenye pembe ile ya nyuma, uitoe kidogo. Mbao isiyo na pembe haina cha kupasuka.

#8 DadaFremu

Jamani mimi ni wa fremu za picha, niko Dagoretti Corner. Hii yenu ni ya skwea, mimi maisha yangu ni digrii 45. Kona tatu zinabusiana, ya nne inacheka. Fensi hii inanisaidia ama nipite tu?

#9 Maranda_Kayole

Karibu dada. Usipite. Ile kona ya nne haina kosa lake peke yake, imebeba ya wote. Fremu ina mikato minane. Kila mkato ukikosea robo digrii kwa upande uleule, robo mara nane ni digrii mbili nzima, na zote unazikuta pale unapofungia.

Tengeneza kipande cha pembetatu, pande mbili sawa zenye skwea kati yake. Upande mmoja unalala kwenye fensi, wa pili unaenda sambamba na njia ya randa, na ule mrefu ndio unaoegemeza fremu. Kishikilie kwa klampu au pini mbili. Usisumbuke kukitafutia digrii 45 za mbinguni, kwa sababu ukigusa ile bolti ya M6 nyuma ya fensi, fensi inaibeba pembetatu nayo. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti ujue skwea iko wapi na ya fremu iko wapi, uwe unarudi. Pembetatu ikae milimita moja nyuma ya njia ya randa ili ikizunguka isiingie kwenye kisu, halafu nayo ivalishe mbao ya kafara.

Mambo mawili. Kama fremu zako ni bapa, mkato wa kulia na wa kushoto unaupata kwa kugeuza mbao. Zikiwa na urembo haigeuziki hiyo, utahitaji kibao cha pili kinachotazama upande mwingine. Na pande zinazotazamana lazima ziwe na urefu mmoja. Kona inaweza kuwa safi kabisa na fremu bado ikakataa kufunga kwa sababu upande mmoja umezidi milimita moja. Weka kizuizi, nyoa zote mbili mpaka zikiguse.

#10 DadaFremu

Hilo la urefu umenitoa tongotongo. Nilikuwa napima kwa tepu.

#11 Patasi_Butu

Fundi Maranda, mimi ni yule wa Umoja nilikupigia. Nimetengeneza. Bolti nimetoa Kirinyaga Road, wanauza moja moja, hazikufika hata mia mbili na nati zake. Shida mbili.

Moja, randa inakula ubao wa juu! Nilipitisha mara ya kwanza ikatoa maranda ya plaiwudi, nikaacha, nikaogopa nitamaliza kibao.

Mbili, nimepima na ile mbinu ya kugeuza, ufa hakuna. Nikasimamisha mbao juu ya meza kwa kichwa chake, inainama kama mlevi. Nimezungusha bolti ya M6 mpaka mkono unauma, bado inainama.

#12 Maranda_Kayole

La kwanza si shida. Kisu cha randa hakifiki ukingoni mwa randa, kuna ukanda wa chuma wa milimita sita au saba pembeni yake. Randa ikilala, ule ukanda unatembea kwenye sehemu ya chini ya ubao wa juu, kisu kinakula sehemu ya juu tu. Pitisha mara kadhaa, itakula kiasi cha kisu kilivyotokeza, halafu itaacha yenyewe. Baada ya hapo haiongezi. Paka mshumaa kwenye njia uone inavyoteleza.

La pili, waache M6 wapumzike. Mbao inainama upande gani? Kwa upana ama kwa unene?

#13 Patasi_Butu

Kwa unene. Inaangukia uso wake.

#14 Maranda_Kayole

Basi fensi haina hatia. Fensi inatawala pembe kati ya kichwa na ukingo mwembamba. Pembe kati ya kichwa na uso, ule ubapa mpana, inatawaliwa na kisu chenyewe: kikiwa kimekaa upande ndani ya randa, kinanyoa zaidi juu kuliko chini. Sogeza ule mkono mdogo nyuma ya kisu, wa kukilaza kushoto au kulia, kidogo sana. Nyoa, simamisha, angalia. Kabla ya hapo futa maranda kwenye njia, chembe moja chini ya randa inatosha kukusumbua mchana mzima.

Halafu kisu umekinoa lini? Jina lako linanipa wasiwasi.

#15 Patasi_Butu

Jina ni la utani bana. Lakini ni kweli, tangu Krismasi.

#16 Mzee_wa_Msasa

Ndiyo hiyo. Kichwa cha saiprasi kwa kisu butu hakikatwi, kinapondwa, unaona vishimo kama maandazi. Noa mpaka kinyoe nywele za mkono. Mbao ikiwa ngumu sana, pakaza spiriti kidogo kwenye kichwa kabla ya kunyoa, nyuzi zinalainika na spiriti inakauka upesi.

#17 Ami_wa_Likoni

Assalam aleikum wa bara. Mvule mmenikosha, lakini huku kwetu mbao haikai kitako, unyevu asubuhi, joto mchana. Hiyo fensi yenu haihami?

#18 Maranda_Kayole

Waaleikum salaam ami. Inahama. Hata hapa Nairobi, niliipanga Februari kukiwa kukavu, mvua za Machi zilipoingia ikaniachia ufa wa karatasi. Na ile ya kwanza ya gundi na skrubu ingenifanya nini? Ningeing'oa. Hii niliizungusha chini ya robo, nikafunga. Ndiyo maana sehemu pana zote ni plaiwudi, haicheziwi sana na unyevu, na fensi ni kipande chembamba kilichokauka, nyuzi zimenyooka.

Halafu kuna kitu kilinisumbua kuliko mvua. Unapanga vizuri, unakaza nati ya kufunga, ukipima tena imehama! Ni washa. Nati ikizunguka inaiburuta washa, washa inaiburuta fensi. Weka washa mbili, kati yake paka mshumaa. Ya juu izunguke, ya chini itulie. Na unapokaza, bana fensi kwa kidole dhidi ya ile M6. Spana 13, kaza kwa nguvu ya kiganja, si ya kufungua gurudumu la lori.

#19 Ami_wa_Likoni

Washa mbili na mshumaa. Hiyo nimeibeba. Allah akuzidishie.

#20 DadaFremu

Mrejesho. Nimenyoa fremu moja ya mkangazi, bapa, kwa pembetatu. Alama mbili kwenye bolti nimepaka rangi ya kucha, nyekundu ya skwea na buluu ya fremu. Kona ya nne imefunga bila klampu kuilazimisha. Nimejaribu kuingiza kucha, imekataa.

#21 Patasi_Butu

Nimenoa. Mbao imesimama. Nimeiacha hapo mezani imesimama kwa kichwa tangu saa nne, kila anayepita dukani namwambia asiiguse. Fundi Maranda, picha uliahidi ziko wapi?

#22 Maranda_Kayole

Stima haijarudi.